Mimea ya Chakula katika Sarafu: Somo kutoka Bagamoyo ya Tukuyu

Katika mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, iko kata iitwayo Bagamoyo. Jina hilo lisimpotoshe msomaji. Hii si bandari ya kale ya pwani, bali ni Bagamoyo ya nyanda za juu, karibu na Mlima Rungwe wenye kimo cha mita zipatazo 2,960. Udongo wake ni wa volkano na mvua yake ni nyingi. Migomba huzizunguka nyumba, chai hufunika miteremko, na katika mashamba madogo hustawi mahindi, maharage, viazi na magimbi.

Mtu anayenunua ndizi katika soko la mji huo hulipa kwa noti na sarafu. Akizitazama sarafu zake vizuri ataona kwamba shilingi 50 ina kifaru na ndama wake, shilingi 100 ina swala, shilingi 200 ina simba na shilingi 500 ina nyati. Mkulima aliyeleta sokoni kitu kilichoota shambani mwake hurudi nyumbani na picha za wanyama wa mbugani. Katika picha hizo hapana ndizi, wala hindi, wala gimbi.

Si nchi zote zilizofanya hivyo. Ziko nchi nyingi zilizochora mimea ya chakula katika fedha zao, na mtu akizikusanya sarafu hizo kwa utaratibu hupata somo linalounganisha botania, jiografia, historia, kemia na uchumi. Makala hii inaeleza sarafu hizo zasema nini, zanyamaza juu ya nini, na jinsi shule ya sekondari inavyoweza kuanzisha mkusanyo wake bila gharama kubwa.

Shahidi wa mimea ya kale

Desturi ya kuchora mazao katika fedha ni ya zamani sana. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo, mji wa Kigiriki wa Metapontum, uliokuwa kusini mwa Italia, ulipiga sarafu za fedha zenye suke la shayiri. Kila aliyeipokea sarafu hiyo, hata kama hakujua kusoma, alitambua kwamba imetoka katika nchi ya nafaka.

Mfano wa pili unatoka katika bara letu. Mji wa Cyrene, katika nchi ambayo leo ni Libya, ulijulikana kwa mmea ulioitwa silfiamu. Utomvu wake ulitumika kama kiungo cha chakula na kama dawa, nao uliuzwa katika nchi nyingi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania. Mji huo ulitajirika kwa mmea huo, ukauchora katika sarafu zake kwa vizazi vingi. Lakini silfiamu ilivunwa porini pasipo kiasi. Mwandishi wa Kirumi Pliny, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba katika siku zake ulipatikana mche mmoja tu, nao ukapelekwa kwa Mfalme Nero.

Tangu hapo silfiamu ikatoweka katika habari za dunia, na wataalamu wangali wanabishana ulikuwa mmea gani hasa. Katika ubishi huo, sarafu za Cyrene ni miongoni mwa ushahidi mkubwa. Picha zake zinaonyesha shina nene, majani yaliyopangwa pande mbili za shina, na vichala vya maua juu. Kwa sababu hiyo wanabotania wengi hudhani ulikuwa wa jamii moja na karoti na giligilani. Watu wa Cyrene walihifadhi picha ya mmea wao, ila mmea wenyewe hawakuuhifadhi. Jambo hili yafaa likumbukwe, maana tutalirudia mwishoni.

Mazao ya biashara katika ngao

Katika Afrika ya Mashariki, mimea ilianza kuonekana katika sarafu wakati wa tawala za kigeni na za kisultani. Rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ilikuwa na simba aliyesimama mbele ya mti wa jamii ya minazi. Mwaka 1908, katika utawala wa Sultani Ali bin Hamud, Zanzibar ilitoa sarafu za senti 1, 10 na 20 ambazo nazo zilichorwa mti wa jamii hiyo. Zanzibar wakati huo ilikuwa mashuhuri duniani kote kwa karafuu. Hata hivyo mti uliochaguliwa haukuwa mkarafuu.

Baada ya Uhuru, nchi zetu ziliingiza mimea katika sarafu kwa njia ya ngao za taifa. Mwanafunzi akiichukua shilingi ya Kenya na kuitazama ngao yake kwa lenzi ya mkono, ataona mlima, na chini ya mlima huo mimea sita: kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na nanasi. Ngao ya Uganda ina kahawa na pamba. Ngao ya Tanzania, ambayo ilichorwa katika sarafu ya shilingi 10 iliyoanza mwaka 1987, ina mkarafuu miguuni pa mwanamume na mpamba miguuni pa mwanamke.

Tukiihesabu mimea hiyo, jambo moja linajitokeza wazi. Pamba, mkonge na pareto haviliwi. Kahawa, chai na karafuu hutiwa katika kikombe au katika chungu, lakini hakuna anayeshiba kwa hivyo. Katika orodha nzima ya ngao hizo tatu, mmea ulio chakula kikuu cha watu ni mmoja tu, nao ni mahindi ya Kenya. Ngao zilichorwa ili kuonyesha utajiri wa nchi, na utajiri ulipimwa kwa mazao yaliyouzwa ng'ambo na kuleta fedha za kigeni. Mazao ya chakula yaliyobaki nyumbani hayakuhesabiwa katika mizani hiyo.

Chakula chaingia katika sarafu

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliundwa tarehe 16 Oktoba 1945. Mwaka 1968 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuzishawishi serikali mbalimbali zitoe sarafu zinazohusu chakula na kilimo. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Gazeti halimfikii kila mtu, na redio haikuwa katika kila nyumba, lakini sarafu hupita katika mikono ya wote, wa mjini na wa shamba, msomi na asiyesoma.

Zambia ilitoa sarafu ya ngwee 50 yenye hindi mwaka 1969. Tanzania iliingia katika mpango huo mwaka 1971, ilipotoa sarafu ya shilingi 5 kwa kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Sarafu hiyo ilikuwa na pande 10. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Rais Julius Nyerere, na upande wa pili ulihusu kilimo. Mwaka uliofuata, 1972, ndipo lilipotolewa huko Iringa azimio la Siasa ni Kilimo. Wanafunzi wa leo hawaijui sarafu hiyo kwa sababu haimo tena katika mzunguko, lakini katika makopo na visanduku vya wazee huenda ikapatikana.

Si haki, hata hivyo, kudhani kwamba kila nchi ilingoja kushawishiwa. Malawi, jirani wa Rungwe, ilichora mahindi yaliyofungwa pamoja katika shilingi yake ya mwaka 1964, mwaka ule ule iliopata Uhuru. Ilipobadilisha fedha mwaka 1971, kwacha moja ililingana na shilingi 10 za zamani, na kwacha hiyo iligawanywa katika tambala 100. Kwa hiyo tambala 10 zilikuwa sawa na shilingi moja. Na mahindi yale yale yakahamia katika sarafu ya tambala 10. Jina la fedha lilibadilika, lakini thamani na picha vilibaki mahali pake.

Rwanda imekwenda mbali zaidi. Katika sarafu zake za mwaka 2003, faranga 1 ina mtama, faranga 5 ina kahawa, faranga 10 ina mgomba, faranga 20 ina mche wa kahawa, na faranga 50 ina hindi. Nchi za visiwa nazo zimefanya kazi nzuri. Shelisheli ilichora muhogo katika senti 5 ya mwaka 1982. Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1974 ilitoa mfululizo wa sarafu ambao ni kama bustani ndogo: nazi, kakao, nanasi, majani ya magimbi, shelisheli na mgomba.

Asili ya mimea hiyo

Mwalimu wa jiografia akizipanga sarafu hizo juu ya ramani ya dunia, ataona kwamba nchi iliyoutia mmea katika fedha yake mara nyingi si nchi ulikoanzia mmea huo.

Mahindi ya Malawi, Zambia na Rwanda yana asili ya Mexico, ambako watu walianza kuyalima miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Muhogo wa Shelisheli umetoka Amerika ya Kusini. Kakao ambayo Nigeria iliichora katika kobo 5 mwaka 1973, na ambayo Ghana imeichora katika pesewa 20, asili yake ni misitu ya bonde la Amazon. Karanga zilizomo katika sarafu za Gambia nazo ni za Amerika ya Kusini. Migomba na magimbi ya Samoa asili yake ni upande wa Asia ya kusini-mashariki, na kutoka huko huko yalianza pia magimbi na ndizi za Rungwe.

Mimea iliyo ya Afrika hasa ni michache: mtama, uliotoka sehemu za kaskazini-mashariki mwa bara hili, kahawa ya arabika, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, na mchikichi wa Afrika ya Magharibi, ambao Nigeria iliuchora katika kobo 10. Ukizitazama tena sarafu tano za Rwanda, utaona Mwafrika mtama katika faranga 1 na Mmarekani hindi katika faranga 50. Haifai kudai kwamba waliozibuni walikusudia hivyo. Lakini mwanafunzi anayeliona jambo hilo amekwisha jifunza kwamba zao linaloitwa la jadi huenda ni mgeni aliyekuja karne chache tu zilizopita.

Katika safari hizo za mimea, habari ya vanila ni ya ajabu kupita zote. Madagaska iliuchora mmea huo katika sarafu ya faranga 10 iliyoanza mwaka 1970. Vanila imetoka Mexico. Ilipoletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilistawi na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa sababu wadudu waliozoea kuichavusha kwao hawakuwako. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius alionyesha njia. Kwa kijiti chembamba aliinua utando unaotenga sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha akazigandamiza pamoja kwa kidole. Njia hiyo ilienea hadi Madagaska, na ingali ikitumika. Zao lote la vanila la nchi hiyo limesimama juu ya ugunduzi wa mtoto aliyekuwa hana hata uhuru wake mwenyewe.

Shamba la Rungwe na sarafu za dunia

Wanafunzi wa Bagamoyo waweza kufanya zoezi lifuatalo. Wachore jedwali lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza waandike mazao ya wilaya yao na ya jirani yao Kyela. Katika safu ya pili waandike sarafu ambamo zao hilo limechorwa.

Jedwali litajaa upesi kuliko wanavyotazamia. Mahindi watayapata Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Mpunga, ambao ni fahari ya Kyela, umo katika ariari 5 ya Madagaska. Kakao ya Kyela imo katika sarafu za Ghana na Nigeria. Kahawa imo Rwanda. Chai, iliyopandwa na Wajerumani kwanza Amani mwaka 1902 na kisha Kyimbila hapo Rungwe mwaka 1904, imo katika ngao ya Kenya. Ndizi zimo Rwanda. Lakini magimbi, ambayo huchemshwa karibu katika kila nyumba ya Rungwe, hayamo katika sarafu yoyote ya Afrika iliyotajwa hapa. Ili kuyapata, mwanafunzi hana budi kuvuka bahari mbili hadi Samoa, katika sene 10, au hadi visiwa vya Cook, ambavyo viliyachora majani yake katika senti 1 mwaka 1972.

Sababu ya ukimya huo si ngumu. Magimbi ni mazito, huoza yakisafirishwa mbali, na hulimwa kwa jembe la mkono katika vishamba vidogo, mara nyingi na akina mama. Hayapiti bandarini, na kwa hiyo hayaonekani kwa urahisi katika hesabu za taifa. Kumbe katika miezi ya njaa, mahindi yanapokuwa yamekwisha ghalani na bei zimepanda, ni zao hilo linalobaki ardhini likimngoja mwenyewe. Sarafu huonyesha zao linaloonwa na dola. Si lazima lionyeshe zao linalomlisha raia.

Jinsi ya kuanza mkusanyo

Mkusanyo wa shule hauhitaji fedha nyingi. Sarafu nyingi zilizotajwa hapa hazina thamani kubwa ya kuuzwa. Nyingine zimekwisha ondolewa katika mzunguko, nazo hulala makoponi. Wanafunzi waanze nyumbani kwao. Wasafiri wanaopita mpaka wa Kasumulu huja na sarafu za Malawi, na wale wa Tunduma huja na za Zambia. Mara nyingi chenji ndogo iliyobaki mfukoni haiwafai tena.

Kila sarafu iandikiwe kadi yake: nchi, mwaka, thamani, jina la mmea kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, jina lake la kisayansi, asili yake, na madini yaliyotumika. Katika kuutambua mmea, picha ichunguzwe kibotania. Je, mishipa ya jani imekwenda sambamba, kama ya mahindi, au imetawanyika kama wavu? Je, mgomba umeonyeshwa shina lake la uongo, ambalo ni mabua ya majani yaliyokumbatiana? Vitabu vya sarafu aghalabu huuita mgomba mti. Mwanafunzi wa biolojia asikubali kosa hilo, maana mgomba ni mmea wa majani usio na mbao.

Madini nayo hupimika kwa vifaa vya shule. Kwanza itumike sumaku. Tambala 10 ya mwaka 1971 ilifanywa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, nao hauvutwi na sumaku. Tambala 10 ya mwaka 1995 ilifanywa kwa chuma kilichopakwa nikeli, hiyo huvutwa. Mahindi ni yale yale, lakini fedha ilipopungua thamani, madini ya bei yalibadilishwa kwa madini rahisi. Pili, ipimwe densiti. Sarafu kadhaa za aina moja zipimwe uzito katika mizani, kisha zitumbukizwe katika silinda ya kupimia yenye maji ili kupata ujazo wake. Alumini, kama ile ya faranga 1 ya Rwanda ya mwaka 2003, itatoa gramu 2.7 hivi kwa sentimeta moja ya ujazo. Chuma kitatoa karibu 7.9, na mchanganyiko wa shaba na nikeli karibu 8.9.

Yako makosa ya kuepukwa. Sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala limau. Asidi ya limau na ukali wa mchanga huondoa utando wa nje pamoja na mistari myembamba ya picha, na picha ikiondoka hairudi. Maji safi na sabuni kidogo yatosha. Kisha ikaushwe kwa kuigandamiza kwa kitambaa laini. Ihifadhiwe katika bahasha ya karatasi kavu, si katika mfuko wa plastiki laini, kwa kuwa baadhi ya plastiki hizo hutoa kemikali zinazoila shaba na kuacha ukoko wa kijani. Jambo hili ni muhimu hasa mahali penye unyevu mwingi kama Tukuyu.

Picha na mbegu

Sasa turudi Cyrene. Silfiamu ilipata heshima ambayo magimbi ya Rungwe hayajaipata: ilichorwa katika fedha, ikasafiri na wafanyabiashara, ikajulikana kwa wafalme. Heshima hiyo haikuiokoa. Picha haipandwi. Kilichokosekana Cyrene kilikuwa watu wa kuutunza mmea wenyewe ungali hai.

Kwa hiyo mkusanyo wa shule utakuwa na faida kamili ukiwa na daftari la pili kando yake. Katika daftari hilo wanafunzi waandike aina za ndizi na magimbi zinazolimwa katika mashamba ya wazazi na majirani zao: jina la kila aina, jinsi inavyotambulikana, inavyopikwa, nani bado anayo, na nani alikuwa nayo zamani akaiacha. Wazee waulizwe kwa adabu, na majibu yao yaandikwe kama yalivyotolewa. Ikionekana kwamba aina fulani imebaki kwa mtu mmoja tu, aombwe chipukizi lake, nalo lipandwe katika shamba la shule.

Mwisho, kila mwanafunzi achore sarafu ya Rungwe kama angepewa yeye kazi ya kuibuni, na aeleze kwa hoja kwa nini amechagua mmea huo na kuuacha mwingine. Wengine watachagua chai, kwa kuwa huleta fedha, wengine ndizi, na pengine atatokea mmoja atakayechora jani pana la gimbi. Mwalimu asiharakishe kuamua nani amepatia. Awaulize kwanza: mmea huo ungekosekana mwaka mmoja, nani angelala njaa?